Shahada ya Sheria kupitia KUCCPS (shirika linalowapangia wanafunzi wa Kenya nafasi vyuoni): pima nafasi yako kabla ya kuchagua

Anza na kizingiti: wastani wa C+ kwenye KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. B- haitoshi, hata ukiwa na A ya Hisabati.

Ukivuka hapo, kokotoa pointi za klasta, yaani alama zinazopima masomo manne ya kozi hiyo pamoja na jumla ya masomo yako saba. A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9. Tuseme una Kiingereza A-, Baiolojia B, Historia B+ na CRE (Elimu ya Dini ya Kikristo) A-: jumla 41 kati ya 48. Masomo saba yamekupa 68 kati ya 84. Zidisha 41/48 kwa 68/84, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Unapata 39.9 hivi. Wengi huishia kwenye ile 41 na kujidanganya.

Hayo ni makadirio. Pointi rasmi ziko kwenye akaunti yako ya KUCCPS. Zilinganishe na za mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa mwaka uliopita katika kila chuo. Kiwango hicho hupanda na kushuka kufuatana na waombaji, kwa hiyo ukiwa chini yake kidogo, jaribu, ila chaguo linalofuata liwe chuo ambacho umekipita waziwazi.