Wachumba wakija kwako, anza na hiari

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha wachumba Wakatoliki wanaojiandaa kwa ndoa nilianza na makatazo. Nikayapanga ubaoni: uzinzi, picha chafu, vidonge vya kuzuia mimba, kuishi pamoja kabla ya ndoa. Nilipomaliza, kijana mmoja akanyosha mkono: “Kwa hiyo mwalimu, baada ya harusi kila kitu ruksa?” Mchumba wake akainamia vidole vyake. Nilijibu ovyo, na jibu lile linanikera mpaka leo.

Siku hizi naanza na swali watakaloulizwa altareni: mmekuja kwa hiari, bila kushurutishwa? Wengi hulichukulia kama utaratibu tu. Wagawie karatasi, watenganishe, kila mmoja kona yake, aandike: “Nikisema leo sifungi ndoa, namwogopa nani?” Usizisome karatasi hizo, maana wakijua utazisoma wataandika unachopenda kusikia. Waeleze kwamba ridhaa ndiyo inayofanya ndoa, na kwa kanuni ya 1103 ya Sheria za Kanisa, ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa iliyotoka nje ni batili. Mmoja akikufuata pembeni baada ya kipindi, msikilize, kisha mpeleke kwa paroko kabla ya matangazo ya ndoa kanisani. Mwenzake usimwambie neno.

Ndipo ufungue Biblia. Mwanzo 2:25 isomwe kwa sauti: walikuwa uchi, wala hawakuona haya. Watacheka, waache. Mtakatifu Yohane Paulo II alianzia huko mwanzo katika katekesi zake za Jumatano kuhusu mwili, kuanzia 1979 hadi 1984. Mimi huwaambia hivi: huwezi kumpa mtu kitu ambacho hakimo mikononi mwako. Asiyeweza kuuambia mwili wake hapana, ndiyo yake ina uzito gani? Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2339, inauita usafi wa moyo mafunzo ya kujitawala, na kujitawala huko ni malezi ya uhuru. Namba 2342 inakiri kwamba kazi hiyo ni ndefu na haiishi. Waliooa zamani, sisi tukiwemo, tunaijua.

Swali la yule kijana litarudi tu. Safari hii uwe na Humanae Vitae, waraka wa Papa Paulo VI wa 1968, namba 13: tendo la ndoa analolazimishwa mwenzi bila kujali hali yake wala matakwa yake ya haki si tendo la kweli la upendo. Wanaume hushangaa kusikia kuwa waraka uleule unaokataza vidonge ndio unaosema haya. Ukishasoma, nyamaza kidogo. Usitie utani.

Makatazo yaje mwisho. Nusu yake watakuwa wameshayataja wenyewe. Kwenye vidonge mjadala huwa mrefu, hivyo alika mtu anayezifahamu vizuri njia za asili za kupanga uzazi. Mimi hubabaika kwenye chati za joto la mwili, kwa hiyo humwachia muuguzi.

Mkimaliza kusali, kusanya kalamu. Karatasi waondoke nazo.