Kibodi moja ya kimya kwa simu na laptopu mbili: jinsi ya kuichagua ukiwa Lubumbashi

Somo hili ni la mtu anayeandika kutwa nzima: katibu, mtafsiri, mhasibu, mwanafunzi wa Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) anayemalizia kazi yake ya mwisho. Ana laptopu ya ofisi, ana nyingine nyumbani, na simu ambayo WhatsApp yake hailali. Anatafuta kibodi moja isiyo na waya, ihudumie vyote vitatu, na isimwamshe mtoto akiandika saa tano za usiku.

Wengi wanaanza kwa kuuliza ipi ina kelele kidogo. Mimi nakuomba uanze na herufi. Kelele unaweza kuipunguza hata kwa kutandika kitambaa chini ya kibodi. Mpangilio wa herufi usiokufaa utakusumbua kila unapoketi kuandika, na hapa kwetu ndipo pesa nyingi zinapotea.

Hatua ya 1: Soma vitufe kabla ya kusoma bei

Bidhaa za Lubumbashi zinatoka pande nyingi. Zinazopita Kasumbalesa kutoka Zambia na Afrika Kusini mara nyingi ni QWERTY (jina linatokana na herufi sita za kwanza za mstari wa juu wa herufi), kwa sababu huko wanaandika Kiingereza. Zinazotoka Ufaransa na Ubelgiji ni AZERTY, ile tuliyoizoea shuleni na ofisini. Dukani zote zinapangwa kwenye rafu moja, na muuzaji atakuambia zote ni sawa. Si sawa.

Hata AZERTY zenyewe ziko mbili, ya Ufaransa na ya Ubelgiji, na mitumba mingi ya Ubelgiji inafika hapa. Kuzitofautisha ni rahisi: angalia kitufe cha 6 na cha 8 kwenye mstari wa juu. Ya Ufaransa ina kistari kwenye 6 na kistari cha chini kwenye 8. Ya Ubelgiji ina alama ya § kwenye 6 na alama ya mshangao kwenye 8. Alama ya @ nayo inahama: ya Ufaransa iko kwenye kitufe cha 0, ya Ubelgiji iko kwenye 2. Anayeandika barua pepe siku nzima ataiona tofauti hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Kisha tazama upande wa kushoto chini, kati ya Shift na W. AZERTY kamili ina kitufe kidogo hapo chenye alama za < na >. QWERTY ya Marekani haina kitufe hicho kabisa. Shift yake ni ndefu, na inayofuata ni Z. Ukiipanga kompyuta isome Kifaransa huku umeshika kibodi ya Marekani, alama hizo mbili hazitakuwa na pa kukaa. Kwa mtu wa Excel au wa programu, hiyo ni hasara ya kweli.

Ujue pia kwamba kibodi haitumi herufi. Inatuma nafasi ya kitufe kilichobonyezwa, na kifaa kinachopokea ndicho kinachoamua kuwa hiyo ni A au Q. Kwa hiyo mpangilio unawekwa kwenye kila kifaa peke yake. Kwenye Windows unaongeza lugha ya kibodi katika mipangilio ya lugha, halafu unabadilisha kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na Space. Kwenye simu ya Android, subiri kibodi iunganishwe, kisha tafuta sehemu ya kibodi halisi. Simu iliyo katika Kifaransa inaiita *clavier physique*. Usipofanya hivyo, utaandika vizuri kwenye laptopu, uhamie kwenye simu, na "asante" itoke "qsqnte".

Hatua ya 2: Hakikisha inashika vifaa vitatu kweli

«Isiyo na waya» haimaanishi «ya vifaa vingi». Logitech K295, kwa mfano, ni ya kimya sana na imetengenezwa kwa ajili hiyo, lakini inatumia kidude cha USB kinachochomekwa kwenye kompyuta na inahudumia kompyuta moja tu. Simu yako haitaiona.

Unachotafuta ni Bluetooth pamoja na vitufe vya kuhama, kwa kawaida vitatu, vyenye namba 1, 2, 3 au picha ndogo ya skrini. Kila kimoja kinakumbuka kifaa chake: 1 laptopu ya ofisi, 2 ya nyumbani, 3 simu. Unabonyeza, unasubiri kidogo, unaendelea kuandika. Logitech K380, iliyotoka mwaka 2015 na bado inapatikana sana, inafanya hivyo; MX Keys ya mwaka 2019 pia. K480 nayo inahama, kwa gurudumu dogo pembeni, na ina mfereji wa kusimamisha simu au tableti. Vitufe vyake vina kelele kuliko vya wenzake, kwa hiyo anayetafuta ukimya aiache.

Ukikuta inayotumia kidude cha USB na Bluetooth kwa pamoja, hiyo ni nzuri zaidi, ila kidude kiwepo kwenye boksi. Logitech walitumia aina iitwayo Unifying tangu 2009, wakaleta Logi Bolt mwaka 2021, na hizo mbili hazielewani. Muuzaji wa mitumba akikwambia «utapata kidude chochote», usikubali.

Hatua ya 3: Sikiliza kwa sikio lako

Kuna aina tatu utakazokutana nazo. Za bei nafuu zina kipira chini ya kila kitufe. Zikiwa mpya zinaweza kuwa kimya, zikizeeka zinagonga. Zile nyembamba zina viplastiki viwili vilivyopishana kama mkasi chini ya kitufe. Kitufe kinashuka kidogo tu, sauti inakuwa fupi na laini. K380 na MX Keys ziko kundi hili, na kwa ofisi ya pamoja au chumba cha kulala ndizo ninazozipendekeza. Za tatu ni za mekaniki, zenye swichi chini ya kila kitufe, nene na nzito. Zenye swichi za bluu ziache dukani, kwani zimeundwa zilie. Zipo swichi za mekaniki za kimya, kama Cherry MX Silent Red, lakini bei yake ni nyingine na mikono inahitaji kuzoea ule urefu.

Kupima: omba uingie ndani ya duka, mbali na jenereta na muziki wa barabarani. Weka kibodi juu ya meza ngumu, si mkononi, kwa sababu meza ndiyo inayokuza sauti. Usibonyeze A, B, C. Bonyeza Space, Enter, Shift na ile ya kufutia. Vitufe virefu vina waya au nguzo za kuvisawazisha chini yake, na hapo ndipo kelele hujificha. Gonga Space katikati, kisha kwenye kona zake mbili. Ikitikisika na kulia kwenye kona, usiku utaisikia kila baada ya neno. Mwisho andika sentensi nzima kwa kasi yako ya kawaida, maana kidole kinachojaribu hakigongi kama kidole kinachofanya kazi.

Hatua ya 4: Fikiria umeme wetu

K380 inatumia betri mbili ndogo za AAA, na mtengenezaji anasema zinafika miezi 24. MX Keys inachajiwa kwa waya wa USB-C na vitufe vyake vinawaka: taa ikiwaka inafika siku 10, ikizimwa hadi miezi 5. Umeme ukikatika usiku ile taa ni msaada mkubwa, na hilo nalikubali bila ubishi. Lakini betri za AAA utazipata hata kwenye kibanda cha Katuba, wakati wowote. Kwa anayeandika bila kuangalia vidole, mimi nasema AAA. Kwa anayetafuta herufi kwa macho, taa.

Hatua ya 5: Unganisha vyote ukiwa bado dukani

Beba laptopu na simu. Shikilia kitufe cha 1 kwa sekunde tatu hivi hadi taa iwake na kuzima haraka, fungua Bluetooth kwenye laptopu, chagua jina la kibodi. Ikionyesha namba, ziandike kwenye kibodi hiyo hiyo kisha Enter. Rudia kitufe cha 3 kwa simu. Sasa hama kutoka kimoja kwenda kingine mara kadhaa, na kila upande andika é, ç, @ na namba. Zikitoka sawa pande zote, lipa na udai risiti.

Jambo moja zaidi kabla ya maswali. Kiangazi chetu, tangu mwezi wa tano, kina vumbi jekundu linaloingia kila mahali, na vitufe vyembamba having'oki kirahisi kwa kusafishwa. Ifunike usiku. Ni bei ya kitambaa tu.

Maswali ya wasomaji

*Katibu, Kampemba:* Yaya, mimi nimeshanunua QWERTY na duka halirudishi pesa. Ripoti zangu zote ni za Kifaransa. Nibandike stika?

Mama, stika zinakuonyesha herufi lakini ule upungufu wa kitufe cha < na > utabaki. Afadhali uache QWERTY iwe QWERTY, na kwenye Windows uchague mpangilio wa États-Unis (international). Hapo ukibonyeza alama ya ' kisha e unapata é. Alama ya ` kisha a inatoa à. Alt ya kulia pamoja na mkato inatoa ç. Ila angalia Kiswahili chako: ukiandika «ng'ombe» moja kwa moja, itatoka «ngómbe», kwa sababu ile ' inasubiri irabu ya kuivalisha. Bonyeza ', kisha Space, kisha o. Kwa Kifaransa ni hivyo hivyo kwenye «l'eau». Siku chache za kwanza zitaudhi, baadaye vidole vinajua.

*Mwanafunzi, Kasapa:* Klavye yangu ni nzuri, lakini nikitoka nyumbani simu inakataa kunionyesha herufi za kwenye kioo. Nafungua WhatsApp, sehemu ya kuandika ipo, herufi hazitoki. Nimezima na kuwasha simu mara nyingi.

Simu haina ugonjwa, mdogo wangu. Kibodi iko kwenye begi lako, vitabu vinabonyeza vitufe, inaamka na kujiunganisha na simu. Android ikiona kibodi halisi inaficha ile ya kioo. Zima swichi ya pembeni kabla ya kuifungia begini. Pia pale kwenye *clavier physique* kuna sehemu ya kuruhusu ile ya kioo ionekane hata nyingine ikiwa imeunganishwa. Iwashe, utaondokana na shida hii.

*Mwanafunzi, Kasapa:* Imekubali! Na betri nazo nilikuwa nashangaa zinaisha upesi.

*Mhasibu, Katuba:* Umesahau sisi wa namba. Kwenye AZERTY kila tarakimu ya juu inataka Shift. Nikiingiza faktira mia moja mkono unakufa.

Kweli kabisa, papa, na kwa kazi yako jibu langu linabadilika. K380 usiichukue, haina sehemu ya namba upande wa kulia. MX Keys ya kawaida inayo, K780 pia, na zote zinahama kati ya vifaa vitatu. Njia ya bei ndogo ni kununua kile kibodi kidogo cha namba peke yake, cha waya wa USB, ukiache kwenye meza ya ofisi. Namba unaziingiza ofisini. Kwenye simu huzihitaji sana.

*Mfanyakazi wa kuweka na kukopesha, katikati ya mji:* Mkuu wetu anasema kibodi zisizo na waya zinasikilizwa hewani, mtu anaiba nywila. Ni kweli au anatutisha?

Ana msingi. Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Bastille ilionyesha kwamba kibodi kadhaa za bei nafuu zenye kidude cha USB zilikuwa zinatuma kila kitufe bila kukificha, na mtu aliye mbali kwa makumi ya mita angeweza kukisoma. Bluetooth inaficha mawasiliano baada ya kuunganishwa, kwa hiyo kwa kazi ya pesa za watu tumia Bluetooth au kidude cha mtengenezaji anayesema wazi kwamba kinaficha. Kibodi isiyo na jina lolote juu ya boksi isiingie ofisini kwenu. Na kama mkuu anataka waya kwenye kompyuta ya malipo, mpeni waya. Hana kosa.

*Mtafsiri, Kamalondo:* Yangu ina kidude cha USB. Ilikuwa safi, lakini nikichomeka diski ya nje, herufi zinachelewa au zinajirudia. Nibadilishe betri?

Kwanza acha betri. Kidude kinazungumza kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, na vifaa vya USB 3 vikifanya kazi vinatoa kelele ya redio eneo hilo hilo. Diski ikiwa tundu la jirani, inakifunika kidude. Kihamishie upande wa pili wa laptopu. Kama matundu yote yako upande mmoja, nunua waya mfupi wa kurefusha USB, ukiweke kidude mbele yako juu ya meza, mbali na diski. Ukiona bado herufi zinachelewa hata diski ikiwa imetolewa, hapo ndipo ubadilishe betri.