SOMO: Mzazi kaambiwa ana kansa ya damu ile ya polepole, uanzie wapi

Habari zenu wakuu. Hili somo ni kwa wale ambao mzazi wao katoka juzi tu kuambiwa ana lukemia sugu na nyumba nzima imechanganyikiwa. Nitaongelea zaidi CML, moja ya aina za lukemia sugu, maana ndo namuuguza nayo mama, na ndo ambayo vidonge vyake vilibadilisha kila kitu tangu 2001, mtu anaishi miaka na miaka anafanya shughuli zake. Sharti ni moja tu, dawa zisikatike.

HATUA YA 1: Jua ni ipi hasa
Kansa za damu ziko nyingi. Muulize daktari ni CML au CLL (aina nyingine ya lukemia sugu), iko kwenye hatua gani, na kipimo cha BCR-ABL (jeni mbovu inayoleta CML) kimefanyika au bado, maana hicho ndo kinathibitisha CML. Kinaweza kufanyika kwa mashine ya GeneXpert, ile ile ya TB, ila vifaa vyake ni vingine na siyo kila hospitali inavyo, kwa hiyo mnaweza kupewa rufaa kwenda Muhimbili, Ocean Road, KCMC au Bugando. FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) ikionyesha chembe nyeupe zimepita laki moja wakati kawaida ni kama elfu 4 hadi 11, msikate tamaa, CML nyingi zinagundulika hivyo hivyo, na bandama limevimba upande wa kushoto baada ya mtu kutibiwa malaria na taifodi mpaka kuchoka.

HATUA YA 2: Mzazi aambiwe
Hapa ndo familia nyingi zinakwama. Kaka mkubwa anasema mama asiambiwe presha itapanda, basi anaambiwa ana upungufu wa damu, anapewa vidonge, baada ya miezi miwili tumbo limepungua na nguvu zimerudi, anaviacha, na wewe huna pa kuanzia kumbembeleza kwa sababu hajui anaumwa nini. Jamani huyu ni mtu mzima, kawalea nyie wote, na mwili ni wake. Tafuteni anayemsikiliza, awe mdogo wake au shangazi au sheikh au mchungaji wake, mkae naye mchana akiwa ameshakula, mumwambie ugonjwa ni huu, unatulizwa kwa dawa ya kila siku, na sisi tupo. Alafu mumuache aulize, akilia mumuache alie.

HATUA YA 3: Dawa zitoke wapi
Dawa ya kwanza ya CML mara nyingi ni imatinib, bei yake ukinunua mwenyewe inaumiza. Kabla hamjauza kiwanja, muulizeni daktari wa damu kama mgonjwa anaweza kuingizwa kwenye mpango wa The Max Foundation, hawa wanasaidia wagonjwa wa CML kupata dawa bure katika nchi nyingi, na daktari ndo anayemuombea. Muoneni na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mwanzoni anaweza pia kupewa hydroxyurea kushusha chembe nyeupe, msishtuke mkiambiwa ni dawa ya selimundu, inatumika kote kuwili.

HATUA YA 4: Kumeza
Dozi ya kawaida ya imatinib ni miligramu 400 mara moja kwa siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, bila chakula tumbo litamsumbua. Akisahau jana asimeze mbili leo. Macho kuvimba asubuhi, misuli kukaza usiku, kichefuchefu, hayo yanatokea sana, mwambieni daktari asiache mwenyewe. Balungi asile. Mitishamba yoyote itajwe kliniki, na akipewa dawa za TB semeni mapema, rifampicin inapunguza sana nguvu ya imatinib. Mimi naweka oda ya dawa zikiwa zimebaki za wiki mbili, maana foleni na nauli havitabiriki.

HATUA YA 5: Vipimo
FBP inapimwa mara kwa mara mwanzoni, BCR-ABL kila baada ya miezi mitatu, na majibu yote yaandikwe kwenye daftari moja. Lengo ni BCR-ABL ishuke chini ya asilimia 10 miezi mitatu ya mwanzo, na ikifika mwaka iwe asilimia 0.1 au chini. Isiposhuka daktari ataanza kwa kuuliza kama dawa zinamezwa kweli, semeni ukweli, zipo dawa nyingine za kubadilisha.

Homa kali, kutokwa damu, kuhema kwa shida au maumivu ya ghafla ya bandama, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu sisi watoto tutarithi?
Jibu: Hapana. Kwenye CML, kromosomu ya 9 na ya 22 zinabadilishana vipande ndani ya chembe za damu za mtu akiwa ameshazaliwa. Hairithiwi na haiambukizi, kuleni naye sahani moja.

Swali: Wanataka kumtoa baba uboho (ute wa ndani ya mfupa) wa kupima, jirani kasema atapooza.
Jibu: Wanachukua kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, hawagusi uti wa mgongo. Atachomwa ganzi, ataumia kidogo, atarudi nyumbani.

Swali: Mzee wangu ana CLL, daktari kasema arudi baada ya miezi mitatu, hajampa hata panadol. Wamemtelekeza?
Jibu: Hapana ndugu yangu. CLL ikiwa bado changa mara nyingi inaangaliwa tu, kuanza dawa mapema hakumuongezei maisha. Ila tarehe msiziruke, na akianza kupungua uzito, kutoka jasho jingi usiku au matezi kukua haraka mrudisheni kabla.

Swali: Bi mkubwa yuko kwenye imatinib na anataka kufunga Ramadhani.
Jibu: Amuone daktari kabla ya mwezi kuandama. Kwa kuwa ni mara moja kwa siku, wengi wanahamishia kwenye futari akishakula vizuri na maji ya kutosha. Akiwa anaharisha au damu iko chini sana, daktari akimkataza mchukueni kwa sheikh wake amueleze ruhusa ya mgonjwa, atamuelewa yeye kuliko nyie.