Wakili, maliza pointi zako kabla ya katikati ya Septemba

Mawakili wenzangu wa Kenya, msingoje Desemba kutafuta pointi za CPD, yaani mafunzo endelevu ya taaluma yetu. Tunatakiwa kuwa na tano kila mwaka, na mwaka wetu wa kazi unaisha tarehe 31 Desemba pamoja na cheti cha kufanya kazi ya uwakili. Likizo ya Mahakama Kuu ya Agosti, tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba, ndiyo nafasi nzuri kuliko zote: kesi zimepungua na kichwa kimetulia kidogo. Panga semina zako hapo, uziandike kwenye shajara ileile ya tarehe za kesi, si kwenye kikaratasi.

Jambo linalowaumiza wengi ni kumbukumbu. Unahudhuria vizuri, kisha pointi hazionekani. Ukijiandikisha, hakikisha jina lako liko kama lilivyo kwenye orodha ya mawakili na namba yako ya P.105, ile ya usajili wa wakili, haina kosa hata la tarakimu moja. Wiki mbili baadaye ingia kwenye akaunti yako ya LSK (Chama cha Mawakili Kenya) uangalie. Kama hazijaingia, waandikie waandaaji mara moja, ukiambatisha risiti na cheti cha kuhudhuria. Mwezi Januari kila mtu atakuwa anawasumbua haohao.