Somo: Namna ya kununua diski za NAS ya nyumbani zisizokufa mapema

Habari wakuu. Kila anayetaka kujenga hifadhi ya mtandao wa nyumbani (NAS) huanza na swali lile lile: "Kampuni gani ina diski imara?" Swali hilo halimsaidii mnunuzi. Watengenezaji wa diski za sumaku waliobaki duniani ni watatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba, na kila mmoja ana modeli nzuri na modeli usizotakiwa kuzigusa kwa kazi hii. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za watu, imekuwa ikichapisha takwimu za diski zake tangu 2013. Ukizipitia utaona kwamba modeli mbili za kampuni moja zinaweza kupishana mbali sana. Seagate ya TB 3 yenye namba ST3000DM001 ilikufa kwa wingi mpaka ikapata sifa mbaya, huku nyingine za Seagate hiyo hiyo zikienda miaka bila tatizo.

Kwa hiyo hapa tunanunua namba ya modeli, tunamchunguza muuzaji, halafu tunaijaribu diski kabla haijapewa data.

Hatua ya 1: Hesabu nafasi

Diski ya TB 8 itasomeka kama 7.27 hivi kwenye mifumo mingi. Hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu, mfumo unahesabu kwa 1024. Diski mbili zinazoakisiana zinakupa nafasi ya moja. Diski nne kwenye RAID 5 zinakupa nafasi ya tatu (RAID ni kuunganisha diski kadhaa kuwa safu moja, ili moja ikifa data ibaki). Binafsi napendelea diski chache kubwa kuliko nyingi ndogo: umeme kidogo, joto kidogo, na vitu vichache vya kuharibika.

Hatua ya 2: Jua kama ni CMR au SMR

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwenye diski ya CMR kila mstari wa data una nafasi yake. Kwenye SMR mistari inalaliana kama mabati ya paa, ili data nyingi zaidi iingie kwenye sahani ile ile. Kusoma hakuna shida. Shida ni kuandika upya: ukigusa mstari mmoja, inabidi na iliyoulalia iandikwe tena. Diski inaficha udhaifu huo kwa kuweka kwanza data mpya kwenye eneo dogo la akiba, kisha inaipanga yenyewe ikiwa imetulia. Ukinakili picha za simu hutahisi lolote. Lakini siku diski moja ya safu ikifa, ukaweka mpya, mfumo unaiandikia mfululizo bila kupumzika. Akiba inajaa, spidi inaanguka, kazi ya saa kadhaa inageuka ya siku kadhaa, na ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili unaotumika kwenye baadhi ya NAS) inaweza kuiona diski hiyo kuwa mbovu na kuitoa. Na wakati huo ndio data yako haina ulinzi.

Mwaka 2020 iligundulika kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6, zilizouzwa mahsusi kwa NAS, zilikuwa SMR bila wanunuzi kuambiwa. WD40EFRX ilikuwa CMR, WD40EFAX ikawa SMR. Lebo nyekundu ile ile, herufi moja tofauti. Baada ya kelele kampuni ikagawa jina: WD Red tupu ni SMR, Red Plus na Red Pro ni CMR. Kwa Seagate, IronWolf ni CMR, lakini BarraCuda nyingi za kompyuta ya mezani ni SMR, mfano ST4000DM004 na ST8000DM004. Toshiba N300 ni CMR.

Usiamini rangi ya lebo wala maelezo ya muuzaji. Chukua namba yote ya modeli mpaka herufi ya mwisho, iangalie kwenye jedwali la mtengenezaji. Kama tangazo halina namba kamili, omba picha ya lebo. Akikataa, achana naye.

Hatua ya 3: Chagua daraja

Diski ya mezani ikikutana na sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia data) inayosumbua inaweza kung'ang'ana nayo kwa dakika nzima au zaidi. Diski ya NAS inakata tamaa baada ya sekunde 7 hivi na kuiachia RAID irekebishe kutoka kwa wenzake. Bila kikomo hicho, kidhibiti cha RAID kinaweza kudhani diski imekufa kumbe ilikuwa inahangaika na sekta moja.

Angalia pia kiwango cha kazi kwa mwaka. Za mezani mara nyingi hupangiwa TB 55, IronWolf na Red Plus TB 180, za vituo vya data kama Exos na Ultrastar TB 550. Hapo kusoma kunahesabiwa pamoja na kuandika. Nyumbani 180 zinatosha sana. Waranti ni miaka 3 kwa daraja la kawaida la NAS, na 5 kwa Pro na za vituo vya data. Hizo za mwisho ni ngumu kweli, ila nyingi zinazunguka mara 7200 kwa dakika na zina kelele. Ukiziweka chumba cha kulala utanikumbuka.

Zile "saa milioni 1" za wastani kabla ya kuharibika zisikutie moyo kupita kiasi. Hazisemi diski itaishi miaka 114. Maana yake ni kwamba kati ya diski 1000 zinazowashwa mwaka mzima, tegemea 8 au 9 zife.

Hatua ya 4: Mchunguze muuzaji

Januari 2025 chombo cha habari cha Ujerumani, Heise, kilifichua diski za Seagate zilizouzwa kama mpya kumbe zilikuwa zimeshafanya kazi maelfu ya saa. Kumbukumbu za SMART (rekodi ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake) zilikuwa zimefutwa zikasoma sifuri. Zilishukiwa kutoka kwenye uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Chia. Kilichowaumbua matapeli ni kumbukumbu nyingine ya ndani ya Seagate iitwayo FARM, ambayo ilibaki na saa za kweli.

Kwa hiyo kabla ya kufungua mfuko, ingiza namba ya seria kwenye ukurasa wa waranti wa mtengenezaji. Waranti iliyobaki mwaka mmoja kwenye diski "mpya" ni jibu tosha. Wakati mwingine utaambiwa diski iliuzwa kwa kampuni ya kuunda kompyuta, hivyo waranti ni ya muuzaji peke yake. Hiyo si lazima iwe wizi, lakini bei yake iwe ya chini na uwe na risiti.

Ufungashaji nao uutazame. Diski iliyosafiri ikiyumba kwenye boksi lenye karatasi mbili tatu irudishe bila kuona haya.

Hatua ya 5: Ijaribu muda wa kurudisha ukiwa bado upo

Kwenye Linux, soma hali yake kwanza (badala ya X weka herufi ya diski yako):

smartctl -a /dev/sdX

Sifa namba 9 ni saa ilizowaka. Diski mpya iwe karibu na sifuri. Namba 5, 197 na 198 ziwe sifuri kabisa. Zote tatu zinahusu sekta mbovu au zinazotiliwa shaka. Kwa Seagate, ukiwa na smartmontools (programu yenye amri ya smartctl) toleo la 7.4 au zaidi, linganisha na saa za FARM:

smartctl -l farm /dev/sdX

Kisha jaribio refu, ambalo kwa diski kubwa huchukua nusu siku au zaidi:

smartctl -t long /dev/sdX

Mwisho ni kuiandika na kuisoma yote. AMRI HII INAFUTA KILA KITU, hakiki mara mbili jina la diski:

badblocks -b 4096 -wsv /dev/sdX

Kwa TB 18 na kuendelea weka 8192 badala ya 4096, la sivyo itagoma. Inapita diski nzima mara 8, kwa hiyo TB 8 itakula siku nne hivi. Ikiisha soma SMART tena. Hata sekta moja tu ikibadilishwa ndani ya siku hizo, kwangu hairudi kwenye kasha la NAS, inarudi dukani.

Hatua ya 6: Iangalie ikiwa kazini

Washa taarifa za barua pepe, panga jaribio refu mara moja kwa mwezi, na weka UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika). Joto la nyuzi 30 hadi 45 halinipi wasiwasi. Likipita 50 natafuta feni.

Utafiti wa Google wa 2007 ulionyesha kwamba diski ikitoa kosa la kwanza la ukaguzi wa sahani, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ile isiyo na kosa. Kwa hiyo usisubiri la pili. Lakini utafiti huo huo ulikuta zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa na alama yoyote kwenye ishara nne muhimu za SMART. Nyingine zinakufa kimya, na ndiyo sababu RAID haikuondolei haja ya nakala ya pili nje ya NAS.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, asante kwa somo. Ila mimi diski ya mezani iko kwenye NAS miaka mingi na inadunda. Hizi za NAS si biashara tu?

Sehemu yake ni biashara, sikubishii. Kama iko peke yake bila RAID, kile kikomo cha sekunde 7 hakikuhusu sana. Kama iko kwenye safu, jaribu smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdX. Ikikubali, umepata kikomo hicho hicho, ila kwenye nyingi mpangilio hupotea umeme ukizimwa, kwa hiyo uweke kwenye programu inayoanza na mfumo. Ikikataa, ipange kuondoka.

Nimenunua diski ya nje ya USB nikaitoa kwenye ganda lake maana ni nafuu. Kwenye NAS haiwaki kabisa. Imekufa?

Huenda ni nzima. Baadhi ya diski hizo zinatumia pini ya tatu ya umeme wa SATA (kiunganishi cha kawaida cha diski) kama swichi ya kuzima. Pawa saplai za zamani zinapeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo, nayo diski inatii na kulala. Watu huziba pini kwa utepe wa Kapton. Wengine hutumia adapta za Molex (plagi ya zamani ya umeme) kwenda SATA, lakini usitumie za bei rahisi zilizomiminwa plastiki. Zina historia ya kuungua. Na ujue ukishatoa ganda, kudai waranti kunaweza kuwa vita.

Sifa namba 199 inapanda kila siku. Niirudishe?

Bado. Hiyo ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, na mara nyingi kebo ndiyo mbovu au haijakaa vizuri. Badilisha kebo au nafasi kwenye kasha. Hesabu haitarudi nyuma, lakini ikisimama pale ilipo, umemaliza.

Nimeona Exos zilizotumika bei ya kutupa. Vipi?

Kwanza hakikisha si SAS, aina ya diski za seva. Kiunganishi kinafanana na SATA lakini hakiingii kwenye NAS ya kawaida, na wauzaji wengi hawalisemi. Zikiwa SATA, za saa 20,000 zenye sekta safi na waranti ya muuzaji ni sawa kwa nakala ya pili au kwa safu inayovumilia diski mbili kufa. Kuwa na data ya pekee juu ya hizo, hapana.

Ninunue zote nne duka moja siku moja?

Ukiweza, gawa kwa wauzaji wawili, maana diski za toleo moja zilizosafiri boksi moja zinaweza kuwa na ugonjwa mmoja. Ila usichelewe miezi kwa ajili hiyo. Kuzijaribu kuna faida kubwa zaidi.

Kasha litakubali diski yoyote?

Angalia orodha ya mtengenezaji wa kasha kabla ya kulipa. Synology, kwa mfano, ilibana diski za kampuni nyingine kwenye modeli zake za Plus za 2025, kisha Oktoba mwaka huo ikalegeza na toleo la 7.3 la DSM, mfumo wa makasha yake. Kama kasha lako ni la kundi hilo, hakikisha linatumia DSM 7.3 au zaidi.