Swali la fizikia litumeni pamoja na hesabu zenu

Wanangu wa Chake Chake na Wete, Pemba, mkiomba msaada kwenye kundi la WhatsApp, msitume picha ya swali tupu. Tumeni na hesabu zenu, hata kama zimegoma.

Juzi kijana katuuliza: nazi imeanguka kutoka mita 20, inafika chini na mwendokasi gani? Kapata 10. Tungempa jibu tu, angebaki na kosa lake. Daftari lake ndilo lililotuonyesha: muda kaupata sawa, sekunde 2, kisha kagawa 20 kwa 2. Huo ni mwendokasi wa wastani! Nazi inaanzia sifuri, kila sekunde inaongeza karibu mita 10 kwa sekunde, basi baada ya sekunde 2 inatua na karibu mita 20 kwa sekunde.

Na vizio (mita, sekunde na kadhalika), jamani, viandikeni kila mstari.