Fungua simu na kijana wako kabla kocha wa chuo hajaifungua

Kama una kijana anayecheza kikapu pale JMK Park au Don Bosco na anaota skolashipu ya Marekani, leo jioni kaa naye mpitie kurasa zake za mitandaoni pamoja. Usimnyang'anye simu, atakuficha akaunti nyingine.

Anzeni na mikeka ya kubeti. Vijana wetu wanaposti mkeka uliochanika kama utani tu, kumbe NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo kule, wanakataza wanamichezo wao kubeti kwenye michezo. Kocha akikutana na picha ile, anaona matatizo kabla hajaona mpira. Ifuteni, na mwambie ukweli kwamba kubeti kwenyewe nako kuishe.

Halafu wasifu: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, nafasi anayocheza, mwaka wa kumaliza shule, barua pepe anayoifungua kweli. Urefu aandike kwa futi pia. Sentimita 193 ni futi 6 na inchi 4, na hicho ndicho kipimo wanachokizoea.

Video, laza simu. Namba ya jezi ionekane, matukio makali yaje mwanzoni, na singeli izimwe ili kocha amsikie akiita wenzake kwenye ulinzi. Hilo mimi nalipenda kuliko danki.

Akija mtu inboksi anajiita kocha wa chuo na anataka hela ya "kumsajili", asijibu. Akuletee wewe kwanza.